Uzi wa Mgomba: Kutoka Shari Hadi Kampala na Kurudi

Niliondoka Bunia kwa sababu ya aibu. Haikuwa yangu peke yangu, ilikuwa ya akina mama wote wa karakana yetu ya mtaa wa Shari, ila mimi ndiye niliyesoma kemia, kwa hiyo macho yote yalinigeukia mimi.

Nieleze kwanza tulivyofika hapo. Shangazi yangu Dorika, dada ya baba, alikimbia kwao Boga wakati wa vita akaja kukaa nasi Shari. Mwanzoni aligonga mawe kando ya barabara, akiyavunja yawe kokoto za wajenzi, kama walivyofanya akina mama wengi waliofika mjini bila shamba. Lakini Shangazi si mtu wa kukaa na jambo lililomshinda. Aliona watu wakikata migomba iliyokwisha kuzaa na kuacha mashina yaoze, akayaokota. Akayachuna, akaanika nyuzi zake juani, akazichana kwa kitana cha misumari mpaka zikang'aa. Mimi nafundisha katika chuo kimoja cha mjini, nikamwonyesha jinsi ya kuzipanga kwenye fremu, kuzimwagia gundi ya kiwandani na kuzikandamiza ziwe ubao mwembamba wa dari. Akina mama wakaacha nyundo za mawe wakaja kwetu mmoja mmoja. Mbao zetu zilikuwa nyepesi kuliko tripleksi, zile mbao za kiwandani za tabaka, na rangi yake ilikuwa ya asali. Tulijivuna, sikatai.

Tukafunga dari ya zahanati ya parokia. Mvua zilipoanza, mbao zikafunguka tabaka kwa tabaka kama kitunguu. Hakuna aliyeumia, ashukuriwe Mungu, lakini maneno yaliumiza vya kutosha. Mjini wakasema uzi wa Ituri, mkoa wetu, haushiki kitu. Mwenzangu mmoja chuoni, mtu wa tai na viatu vya kung'aa, aliniambia kwa upole kwamba mgomba ni mmea wa kula, si wa kujengea. Komite ya zahanati ikatupa muda wa kuleta mbao zinazoshika. Tukishindwa, wataweka tripleksi na habari yetu iishe hapo. Kwa akina mama, kuisha kwa habari hiyo maana yake kulikuwa kurudi kwenye mawe.

Nilikuwa na hakika kosa ni la gundi. Ila hakika ya moyoni haionyeshwi kwa komite. Nilihitaji kuuona uso wa uzi wenyewe, pale unapokutana na gundi, na uso huo ni mdogo kiasi kwamba hadubini yetu ya chuo, yenye kioo kilichopasuka, ilikuwa haioni lolote. Nikamwandikia Daktari Akello wa Kampala, ambaye tuliwahi kuketi pamoja kwenye mkutano wa walimu wa sayansi. Alijibu kwa sentensi moja: njoo na nyuzi zako, nitakupa mashine siku nzima.

Asubuhi ya kuondoka, Shangazi alinifungia mizigo kwa mikono yake. Kulikuwa na fungu la nyuzi mbichi nilizozichuna mwenyewe shinani na kuzianika bila kuzichana, na fungu la nyuzi zake zilizochanwa tayari kwa kazi. Nikaongeza kipande cha ubao uliofunguka.

"Weye unaenda kuonesha bazungu nyuzi yangu?" akaniuliza.

"Hapana, Shangazi. Ni Kampala tu."

"Ni sawa. Uambie ile mashini iangalie muzuri. Nyuzi yangu haiko na kosa. Kosa iko mu gundi."

"Mi pia naona vile."

"Basi enda. Na usirudi na maneno ya kuzunguka-zunguka. Siye tunataka jibu."

Kutoka Bunia kwenda Kasenyi nilipanda pikipiki, nyuzi nimezifunga mgongoni kama mtoto. Barabara hupita Bogoro, kisha ghafla nchi inakatika na unaliona ziwa chini kabisa, na ng'ambo yake milima ya Uganda. Dereva wangu, kijana mwenye koti la mvua lililochanika, alizima injini akaachia pikipiki ijishukie yenyewe ili asiunguze mafuta. Nilifumba macho kwenye kona, nikayafumbua nilipoanza kusikia joto na harufu ya samaki.

Kasenyi ni mji wa chumvi na magamba. Nilinunua samaki wakavu wawili wakubwa wa kumpelekea mwenyeji wangu, maana mkono mtupu haulambwi, nikawafunga kwa plastiki, mbali na nyuzi. Hilo nililizingatia sana. Mtu anayekwenda kuchunguza uso wa kitu hataki uso huo unuke samaki. Kisha nikapanda boti ya injini pamoja na wafanyabiashara wa vitenge na mama mmoja aliyekuwa akienda kumtembelea binti yake aliyejifungua. Ziwa lilikuwa tulivu. Mama huyo aliniuliza nimebeba nini kwa uangalifu vile, nikamwambia ni nyuzi za mgomba. Akasogea akanipa nafasi zaidi, kama mtu anavyompisha mgonjwa.

Ntoroko, upande wa pili, afisa wa forodha alifungua fungu langu, akalinusa, akalisugua kidoleni.

"Hii ni nini? Dawa?"

"Ni nyuzi za mgomba, afande."

"Mgomba? Wa ndizi?"

"Ndiyo, wa ndizi."

Akawaita wenzake. Walikuja watatu. Akawaambia kwamba dada huyu kutoka Kongo anatuletea ndizi Uganda. Walicheka mpaka mmoja akashika meza. Nami nilicheka, ila moyoni nilisema, chekeni tu, mtaona. Wakanigongea muhuri bila kuuliza zaidi, nadhani walinihurumia.

Fort Portal nilikunywa chai, kwa sababu mashamba ya chai yako pande zote na ingekuwa utovu wa adabu kupita bila kunywa. Kutoka hapo ni basi na lami mpaka Kampala. Lami ile iliniuma kidogo. Kila nilipoona kona iliyochorwa mstari mweupe katikati, nilifikiria barabara zetu na mashimo yake, nikajiambia kwamba siku moja nasi tutalalamikia mambo madogo kama watu hawa, mstari umefutika, taa imeungua.

Kampala, Daktari Akello alinipokea mlangoni pa maabara. Ni mwanamke mrefu, mkavu wa maneno. Baba yake alikuwa askari, naye alikulia kambini, ndiyo maana Kiswahili anakijua, tena kile cha amri. Aliwapokea samaki kwa mikono miwili, akawapeleka nje ya jengo, akarudi akanawa mikono mpaka kwenye viwiko.

"Samaki baadaye," alisema. "Kwanza kazi. Hapa hapana kugusa kitu kama mimi sijasema."

Hadubini yenyewe iko chini ya ardhi, kwa sababu haipendi mtikisiko hata wa gari kupita njiani. Nilitarajia kitu cha kuweka jicho. Kumbe ni mnara wa chuma, na picha hutokea kwenye kioo kama televisheni. Hadubini za kawaida huona kwa mwanga. Hii hurusha elektroni, chembe ndogo kabisa za umeme, ndani ya chumba kisicho na hewa. Na kwa kuwa uzi wa mmea haupitishi umeme, lazima kwanza uvishwe ngozi nyembamba ya dhahabu.

"Dhahabu kweli?" nikauliza.

"Dhahabu. Kidogo sana."

Sisi wa Ituri dhahabu tunaijua. Tunajua mashimo yake na waliobaki humo. Kuiona ikitumika kuuvisha uzi wa mgomba wa Shari, ili tu uonekane vizuri, kulinipa furaha ambayo sikuwa nimeitegemea.

Tulianza na uzi mbichi. Ulipotokea kwenye kioo nilisimama bila kujua nimesimama. Kitu ambacho mkononi ni unywele tu, pale kilikuwa kama nguzo ya nyuzi ndogo zilizolala pamoja, zimenyooka, na kati yake mifereji na vishimo. Hapa na pale palikuwa na nta kidogo ya mmea wenyewe. Daktari Akello aliinamisha kichwa, akasema uso kama huo gundi inapaswa kuupenda, maana una pa kushika kila mahali.

Tukaweka kipande cha ubao uliofunguka. Gundi ilikuwa imebeba alama ya uzi kama tope linavyobeba alama ya mguu, lakini uzi wenyewe ulikuwa umechomoka mzima, bila chembe ya gundi juu yake. Vitu hivyo viwili vilikuwa vimelala pamoja miezi yote hiyo na havikuwahi kushikana.

"Si nilisema," nikamwambia. "Gundi ni mbaya."

"Bado. Weka ule wa kuchana."

Basi tukaweka uzi wa Shangazi. Mifereji haikuwapo. Vishimo havikuwapo. Uso wote ulikuwa laini, umefunikwa na utando, na kati ya uzi na uzi utando huo ulikuwa umejaa kama uji uliomwagika kwenye mkeka. Elektroni zilipoupiga kwa muda, utando ukaanza kucheza na kuvimba. Daktari Akello alikunja uso. Akachukua uzi mwingine wa fungu hilohilo, ambao haukuvishwa dhahabu, akaupeleka kwenye hadubini ya pili, inayotumia mwanga usioonekana kwa macho. Hiyo haionyeshi umbo. Inasoma kemia ya uso, nukta baada ya nukta, kisha inachora mstari wenye vilele, na kila kilele ni jina la kifungo fulani kati ya atomu. Nilivitafuta vilele vya selulosi, ambayo ndiyo mwili wa uzi wowote wa mmea. Vilikuwapo, lakini hafifu. Juu yao palisimama kilele kirefu ambacho ninakifundisha kila mwaka ubaoni.

"Mafuta," nikasema.

"Mafuta," akasema naye. "Tena si ya huu mmea. Hapa tumepima vyakula vingi, na hii nafanana na siagi. Nani nashika hii uzi?"

"Shangazi yangu, na wenzake aliowafundisha."

"Mikono yake iko na nini?"

Hapo ndipo nilipocheka, mpaka machozi yakanitoka, kisha nikaacha kucheka kwa sababu nilielewa nitakachokwenda kusema nyumbani. Katika ukoo wetu mwanamke hashiki kazi ya heshima kwa mikono mikavu. Anayempokea bibi arusi hupaka siagi mikononi. Anayemshika mtoto mchanga kwa mara ya kwanza, vilevile. Mikono mikavu ni ya siku ya msiba, wakati hakuna anayekumbuka kujipaka. Shangazi aliikuta kazi hii ya nyuzi, akaipenda, akaiheshimu kwa namna anayoijua: kila asubuhi kabla ya kuchana, yeye na wenzake wote walipaka siagi ya ng'ombe inayotoka kwa ndugu zetu wafugaji. Nimeliona jambo hilo kila siku mpaka nikaacha kuliona. Zile nyuzi zilizong'aa, tulizojivunia, ziling'aa siagi.

Asubuhi iliyofuata, Daktari Akello akanipa mashine tena, ingawa ahadi ilikuwa siku moja. Nilikuwa nimefua nyuzi za Shangazi kwa sabuni na maji ya moto, zikakaushwa katika tanuri ya maabara. Kwenye kioo mifereji ikarudi yote, vishimo vikarudi, na kwenye mashine ya pili kilele cha mafuta kikawa kimelala. Kisha akanionyesha kipimo kisichohitaji mashine yoyote. Alidondosha tone la maji juu ya nyuzi ambazo hazikufuliwa. Likasimama duara, likateleza. Akadondosha jingine kwenye zilizofuliwa, likatandaa, likaingia. Gundi yetu, alisema, inahitaji kutandaa vilevile.

Akachapisha picha zangu akanipa, lakini moja akaibandika ukutani kwake.

"Mimi naona nyuzi mingi hapa," alisema. "Pamba, katani. Hii yenu ni askari."

Kwa mtoto wa kambini, sidhani kuna sifa iliyo juu ya hiyo. Niliibeba njia nzima ya kurudi. Ntoroko yule afisa alinikumbuka, akauliza kama ndizi zimenunuliwa. Nikamwonyesha picha. Aliitazama kwa makini, akaigeuza, akasema angedhani ni daraja la chuma. Safari hii hakucheka.

Shari nilifika akina mama wakiwa kazini. Niliwapa kwanza habari njema: uzi wetu hauna kosa, na picha hizi hapa. Picha zilipita mkono hadi mkono. Shangazi aliishika yake mbali na macho, akatabasamu.

"Minasema nini siku zote? Sasa hiyo gundi."

"Gundi pia haina kosa, Shangazi."

Niliomba bakuli la maji. Nikadondosha tone juu ya nyuzi alizotoka kuzichana asubuhi ileile, likasimama duara mbele ya wote. Nikadondosha jingine juu ya zile nilizozifua Kampala, likapotea ndani. Sikuhitaji kueleza sana. Mama mmoja alikitazama kiganja chake, kisha akakificha ndani ya kitenge.

Shangazi akalisukuma bakuli kando. "Unataka kuniambia ni siagi yetu njo inaharibu?"

"Ni siagi, Shangazi. Inakaa katikati, gundi haifikii uzi."

"Ile miaka mbaya yote, nilikuwa nagonga mawe na mikono mikavu," alisema polepole. "Nikapata hii kazi. Nikasema, sasa mikono yangu itarudilia kuwa ya mutu. Na weye unatoka Kampala kuniambia nirudi kwenye ukavu?"

Kemia haina jibu la swali hilo. Aliinuka akaingia nyumbani, na kazi ya siku hiyo ikafia hapo.

Kesho yake asubuhi nilimkuta karakanani kabla ya wote, kaweka beseni la maji ya moto, kipande cha sabuni na majivu. Aliwangoja mpaka wakatimia. Kisha akanawa mbele yao, akisugua kwa majivu hadi kucha, akainua mikono yake ikiwa mikavu, myeupe kwenye viungo.

"Bamama, muangalie," akasema. "Leo hakuna mufu. Mutu asilie. Siagi tutapaka magaribi, kazi ikiisha. Mikono itangoja kula, sawa vile siye tunangojaka."

Wakanawa mmoja baada ya mwingine. Nyuzi zilizokwisha kuchanwa zikafuliwa, mpya zikachanwa kikavu, na wiki hiyo vidole vilipasuka kweli. Uzi haukung'aa tena. Ulikuwa na rangi ya vumbi kidogo, na ulikwaruza. Tulimwaga gundi, tukakandamiza, tukaacha mbao zikauke. Nikachukua ubao wa kwanza nikauacha ndani ya pipa la maji ya mvua, nikautoa, nikajaribu kuufungua kwa kisu kwenye ukingo. Kisu kilipinda.

Nimesafiri kidogo maishani, lakini safari hii imenifunza kwamba kitu kinaweza kuwa kizima ndani na nje na bado kisishike, kwa sababu ya upendo uliopakwa katikati. Imenifunza pia kwamba kuona ni nusu tu ya kazi ya mwanasayansi. Nusu ya pili ni kurudi nyumbani na kulisema jambo mbele ya mtu unayemheshimu, na nusu hiyo haina mashine.

Siku ya komite kuja kukagua, mwenyekiti alikuja peke yake, akiwa na haraka zake. Shangazi alilaza ubao juu ya matofali mawili, upande huku na upande huku, katikati hewa. Ni mwanamke mzito, na hajawahi kulionea aibu hilo. Akavua viatu, akapanda, akasimama katikati kabisa. Ubao ukainama kidogo, ukatulia. Mwenyekiti aliinama akachungulia chini yake, akazunguka upande wa pili, akachungulia tena.

"Ni muzuri, mama," alisema. "Tumeona. Tutakamata mbao zenu. Shuka sasa."

"Bado," Shangazi akajibu kutoka kule juu, mikono mikavu kiunoni. "Ile siku zilifunguka, mulikuya komite nzima kuangalia. Enda uite bale bengine."

Mwenyekiti alinitazama, nami nikatazama pembeni. Akaenda kuwaita. Sisi tukaendelea na kazi, na Shangazi akaendelea kusimama.